Mwongozo kamili wa kupanda Dùn Caan, kilima chenye utulivu kisiwani Raasay, Uskoti

Watu wengi wakifika kisiwa cha Skye wanakimbilia sehemu moja, Old Man of Storr, na ukienda mwezi wa saba saa nne asubuhi utakuta parking imejaa na kule juu mmepangana kwenye njia kama foleni ya mwendokasi Kimara. Storr ni pazuri, sibishi, nimepanda na ningepanda tena. Ila kama unachotaka ni kusikia upepo na maji na ndege basi, vuka bahari kidogo uende Raasay, kisiwa chembamba kilicholala kati ya Skye na bara la Uskoti, watu wanaoishi pale hawafiki mia mbili, na katikati yake kuna kilima kinaitwa Dùn Caan, urefu kama mita 444, kichwa chake kiko bapa utadhani mtu kakikata kwa panga. Nimeenda mara tatu. Mara ya kwanza sikufika juu, nitaeleza kwanini, na hiyo safari ndo imenifundisha mengi kuliko zile mbili nilizofika.

Mita 444 zinaweza kukudanganya. Sisi tuliokulia Afrika Mashariki, mtu ana Kilimanjaro kichwani, mita 5,895, au amekulia Lushoto anapanda mlima kila siku kwenda shule, akisikia mita 444 anaona ni mchezo. Usiende na hayo mawazo. Kule uko zaidi ya nyuzi 57 kaskazini ya ikweta, unaanzia usawa wa bahari kabisa kwahiyo hizo mita zote unazipanda kwa miguu yako, hali ya hewa inageuka ndani ya nusu saa, na kwa sababu ni kilima kisicho na watu hamna wa kumfuata mbele wala wa kumuuliza. Ule utulivu unaoufuata ndo huohuo unaokufanya ujiandae zaidi.

Kwanza chagua mwezi, alafu siku

Miezi mizuri kwangu ni wa tano na nusu ya kwanza ya wa sita, alafu wa tisa. Mwezi wa sita mwishoni jua linazama baada ya saa nne usiku, yaani unakula chakula cha usiku nje bado kweupe, huna presha ya giza. Mwezi wa kumi na mbili jua linazama saa tisa na nusu hivi alasiri, na kwa mtu anayetegemea boti mi simshauri kabisa labda awe mzoefu wa baridi na ana tochi ya kichwani na betri za akiba.

Sababu ya kukwepa wa saba na wa nane ni visubi. Wenyewe wanawaita midges, ni vidudu vidogo kuliko mbu, vidogo kama vumbi la pilipili manga, na vinakuja kwa maelfu. Havibebi malaria wala ugonjwa wowote kwa binadamu, lakini vinauma mpaka mtu mzima anakaribia kulia. Msimu wao unaanza kama mwisho wa mwezi wa tano mpaka wa tisa, wanapenda asubuhi na jioni, pakiwa pametulia na unyevu na hamna jua kali. Dawa kubwa ni upepo, upepo ukizidi kama kilomita 11 kwa saa hawawezi kuruka, kwahiyo ukipumzika pumzikia penye upepo, sio penye kivuli kizuri karibu na kijito. Beba dawa ya kujipaka, inayouzwa sana kule inaitwa Smidge, na wavu wa kufunika kichwa, wavu wenyewe ni bei ndogo na unakaa mfukoni.

Kuhusu siku, epuka Jumapili kama huna ulazima. Raasay ni kisiwa cha watu wa dini, kanisa la Free Presbyterian lililojitenga mwaka 1893 lilianzishwa na wachungaji wawili na mmoja wao alikuwa mchungaji wa hapohapo Raasay, na mpaka leo wapo wanaoitunza Jumapili kwa dhati. Boti zinakuwa chache sana siku hiyo na usitegemee duka. Ukijikuta upo huko Jumapili, pita taratibu, punguza sauti, usiweke muziki, ni kama vile unavyojiheshimu ukipita karibu na msikiti Ijumaa saa ya swala.

Kufika: boti ndo saa yako

Ukitokea Glasgow au Inverness unaweza kuja na basi la Citylink linaloenda Portree, mji mkubwa wa Skye, la Glasgow ni namba 916 na la Inverness ni 917, yote yanapita barabara ya A87 na yanapita Sconser ambapo boti ya Raasay inaondokea. Mwambie dereva mapema kwamba unashuka Sconser. Wenye gari wanavuka daraja la Skye pale Kyle of Lochalsh, lilifunguliwa 1995 na toka mwisho wa 2004 hamna kulipia. Raha moja kwetu ni kwamba Uingereza wanaendesha kushoto kama Kenya na Tanzania kwahiyo hutahangaika.

Boti inaendeshwa na CalMac, inaitwa MV Hallaig, ilianza kazi 2013 na ina mfumo mseto wa dizeli na betri, na inavuka kwa dakika kama 25. Kama unapanda kilima tu, acha gari Skye uvuke kwa miguu, nauli ni ndogo zaidi na unaanza kutembea hapohapo gatini.

Ukiwa juu ya boti geuka nyuma uangalie Skye. Lile pembetatu kubwa la mawe mekundu mekundu lililosimama juu ya Sconser ni Glamaig, mita 775. Mwaka 1899 askari wa Kigurkha kutoka Nepal, Harkabir Thapa, alilipanda na kushuka kutokea hoteli ya Sligachan kwa dakika 55, na inasemekana alikuwa peku. Mi kila nikiliangalia naona yale mawe yanavyoteleza naishia kutikisa kichwa tu.

Sasa ratiba. Hapa nakuomba uwe makini kuliko sehemu nyingine yoyote ya mwongozo huu. Angalia ratiba ya siku hiyohiyo, kwenye tovuti ya CalMac au app yao, usitegemee ratiba uliyoiskrinishoti mwaka jana kwa sababu ya kiangazi na ya baridi ni tofauti, na Jumamosi inaweza kuwa tofauti na siku za kazi. Ratiba zao zimeandikwa kwa saa za kizungu, 17:00 ni saa kumi na moja jioni yetu, nimeshaona mtu akichanganya na akalala kisiwani bila kupanga. Alafu fanya hesabu ya kurudi nyuma. Tuseme boti unayotaka kurudi nayo ni saa kumi na moja jioni, maana yake saa kumi na nusu uwe gatini, kwahiyo saa nane mchana kamili ndo saa yako ya kugeuza, uwe umefika juu au hujafika. Iandike kwenye mkono kwa kalamu kama lazima. Na usipange kurudi na boti ya mwisho, panga ile kabla yake, ya mwisho iache iwe akiba.

Hesabu ya muda

Kutoka gatini mpaka kileleni na kurudi ni kama kilomita 14. Kuna kanuni ya zamani ya mpanda milima Mskoti, William Naismith, aliitoa 1892, na mpaka leo watu wanaitumia: hesabu saa moja kwa kila kilomita 5, alafu ongeza saa moja kwa kila mita 600 unazopanda. Kwahiyo 14 gawa kwa 5 ni saa mbili na dakika 48, ongeza mwinuko wa mita kama 500 ukijumlisha na vipando vidogo vidogo vya njiani, hiyo ni dakika 50, unapata karibu saa tatu na dakika 40. Hiyo ni ya mtu anayetembea bila kusimama na ardhi kavu. Ongeza chai, picha, tope, na ongeza kwamba mwenzako anaweza kuwa mzito kidogo, utakuja kwenye saa tano mpaka sita. Mi natumia sita.

Nguo, na kwanini jinzi iachwe nyumbani

Mdogo wangu alipokuja kunitembelea alitaka kupanda na jinzi na sweta la pamba, na sneaka nyeupe. Nikamkatalia, tukagombana kidogo pale mlangoni. Pamba ikilowa haikauki, inakushikilia ubaridi mwilini, na kwenye upepo hata mwezi wa sita mtu anaweza kuanza kutetemeka mpaka akili inapotea, watu wanakufa hivyo milimani na sio kwenye theluji tu. Kinachotakiwa sio cha bei kubwa. Fulana ya michezo inayokausha jasho, juu yake fulana nzito ya fleece, juu yake koti la mvua la kweli lenye kofia na zipu. Suruali nyepesi ya trakisuti ni bora kuliko jinzi. Suruali ya mvua ya kuvaa juu. Kofia ya sufu na glavu hata kiangazi, sitanii, mi glavu nimezivaa mwezi wa sita. Buti zinazoshika kifundo na zisizoingiza maji, na soksi za sufu jozi mbili, moja imefungwa kwenye mfuko wa plastiki.

Hizo soksi za pili, sahau vyote usizisahau zenyewe.

Kwenye begi: ramani ya karatasi ya Ordnance Survey, ni Explorer namba 409, na dira unayojua kuitumia. Simu iwe na ramani uliyoipakua kabla, maana mtandao unakata ukiingia bondeni, na powerbank kwa sababu baridi inamaliza betri haraka. Tochi ya kichwani. Filimbi. Bandeji na dawa za maumivu. Kitoleo cha kupe, nitakieleza chini. Maji lita moja na nusu. Chakula, na hapa usijibane: mi nabeba chapati mbili zimeviringishwa na mayai, ndizi, karanga, na chupa ya chai ya tangawizi. Kisiwani kuna duka moja kijijini Inverarish, sio supamaketi ya masaa 24, kwahiyo kila kitu nunua Portree au Broadford kabla.

Hali ya hewa angalia sehemu mbili, Met Office na ile huduma ya milimani inayoitwa MWIS. Usiangalie mvua peke yake, mvua utalowa tu. Angalia upepo wa juu na urefu wa mawingu. Upepo ukifika kama kilomita 65 kwa saa unaanza kukuyumbisha, na kile kilele kina ukingo, kwahiyo siku hiyo baki chini utembelee pwani. Mawingu yakisemwa yatashuka chini ya mita 400 basi juu hutaona kitu.

Mwisho kabla hujaondoka, mwachie mtu ujumbe. Unaenda wapi, njia gani, boti gani ya kurudi, na saa ngapi akiona kimya apige simu.

Kutoka gatini mpaka mgodini

Ukishuka kwenye boti uko ghuba ya Churchton. Fuata barabara kuelekea kijiji cha Inverarish. Ni lami nyembamba ya gari moja, kondoo wanatembea wanavyotaka, gari zikija simama pembeni upungie mkono, kule kila dereva anapungia na wewe pungia. Kutoka kijijini unapanda barabara inayoelekea kwenye mgodi wa zamani wa chuma, na unaweza pia kufuata tuta la reli ya mgodi ambalo sasa ni njia ya miguu.

Huo mgodi usiupite tu. Ulianzishwa kabla ya vita ya kwanza ya dunia, na vita ilipopamba moto vijana wa kazi wakawa wameenda jeshini, kwahiyo wafungwa wa vita wa Kijerumani wakaletwa kuchimba. Ulifungwa muda mfupi baada ya vita. Sasa kumebaki kuta za zege, nyasi zinatoka kwenye madirisha. Nikiwa pale huwa nawaza kwamba miaka ileile, 1914 mpaka 1918, kwetu Wajerumani na Waingereza walikuwa wanapigana Tanga na Mahiwa na babu zetu ndo waliobebeshwa mizigo, na huku Wajerumani wengine wanasukuma mawe kwenye kisiwa hiki cha mvua.

Karibu na mabaki ya mgodi ndo njia ya kilima inapoanzia, pembeni ya kijito cha Inverarish. Kijito wenyewe wanakiita burn, ukiona hilo neno kwenye ramani ni maji, na loch ni ziwa. Kutoka gatini mpaka hapa mi natumia dakika 40 hivi.

Kijito, msitu, alafu tope

Mwanzo ni rahisi na pazuri, unatembea na kijito, miti, maji yanaruka kwenye mawe, yana rangi ya chai ya rangi iliyokolea. Usiogope hiyo rangi, inatokana na udongo wa mboji wanaouita peat, lakini bado usinywe bila kuchuja au kuchemsha, kondoo wako juu yako.

Miti ikiisha unatoka kwenye nyika. Hapa ndo penyewe. Ardhi yote ni sponji, mboji nyeusi iliyofunikwa na nyasi na vichaka vifupi vya heather ambavyo mwezi wa nane vinatoa maua ya zambarau, na katikati kuna mito ya matope ambayo kwa juu inaonekana kama nyasi za kawaida. Jifunze kusoma rangi. Kichaka cha heather cha kahawia au zambarau maana yake kuna ardhi ya kukushika. Nyasi za kijani iliyokolea zilizosimama kwa mafungu zinabeba ukikanyaga kwenye fungu lenyewe. Ila ukiona kijani angavu, kijani ya limau, laini kama zulia jipya na imetulia kabisa, ile ni moss, mmea mlaini unaoota kwenye maji, na chini yake hamna kitu. Nilikanyaga moja mguu ukazama mpaka gotini, na kuutoa ilibidi nilale ubavu niuvute taratibu huku buti linafyonzwa, ukiuvuta kwa nguvu unatoka mguu buti linabaki. Fimbo ya kutembelea inasaidia sana, choma kwanza, alafu kanyaga.

Njia kwenye nyika haiko wazi kila mahali. Kuna sehemu inagawanyika mara tatu kwa sababu watu wamekuwa wanakwepa tope, na zote zinakutana mbele. Kuna sehemu utaona virundo vya mawe vimepangwa kuonyesha njia. Kila ukifika kwenye kirundo geuka uangalie ulikotoka, kariri sura yake, maana unaporudi mandhari inakuwa tofauti kabisa na ile uliyoiona ukipanda. Kilima chenyewe kwa muda mrefu hukioni, na hapo ndo wengi wanaanza kujiuliza kama wamepotea. Endelea tu kupanda polepole kuelekea kaskazini. Alafu unafika kwenye mgongo wa nyika na ghafla kiko mbele yako chote, kile kichwa bapa cheusi kinatokeza kama jengo. Mimi na mdogo wangu tulisimama tu. Akasema "dada, kumbe ndo hiki." Tukakaa tukanywa chai hapohapo.

Maziwa mawili na ile siku niliyogeuza

Chini ya kilima kuna maziwa mawili madogo. La kwanza ni Loch na Mna, maana yake ziwa la mwanamke. Wazee wa Raasay wanasimulia kwamba humo alikaa mnyama wa majini, akamla binti wa mtu, na yule baba akawasha moto mkubwa kando ya ziwa akachoma nguruwe ili harufu imvute mnyama atoke, huku ametia chuma kwenye moto mpaka kikawaka, na mnyama alipotoka akamuua nacho. Sisi wa pwani hadithi za wenye maji tunazijua toka utotoni, kwahiyo nilipoisikia nilijihisi niko nyumbani.

Hapo kwenye Loch na Mna ndo niligeuza safari yangu ya kwanza. Ilikuwa mwezi wa tatu, nilikuwa peke yangu, asubuhi kulikuwa na jua. Nikiwa nafunga kamba ya buti nikaona ng'ambo ya ziwa hamna tena, mawingu yameshuka, na ndani ya dakika chache sikuona zaidi ya hatua ishirini. Kilele kilikuwa karibu sana, nusu saa tu. Nikaangalia saa, nikaangalia dira, nikageuka nikarudi kirundo kwa kirundo mpaka kwenye kijito. Nililia kidogo kwa hasira, nimetoka Glasgow na nimepanga likizo kazini kwa ajili ya siku moja. Lakini upande wa mashariki wa Dùn Caan ni mwinuko mkali na majabali, na mtu asiyeona anaweza kutembea moja kwa moja mpaka ukingoni. Kwahiyo sheria yangu ni hii: kama kutoka ziwani huoni kilele, usipande. Kilima hakitoki pale kilipo.

Ziwa la pili ni Loch na Meilich, liko chini kabisa ya kilima. Unateremka kidogo kuelekea huko, inauma kwa sababu umeshahangaika kupanda, alafu ndo unaanza kipando cha mwisho.

Kipando cha mwisho

Ukikiangalia kutoka chini kinatisha, utasema hapa inatakiwa kamba. Haitakiwi. Njia inapanda kwa kona kona, kushoto kulia, ni ya mawe na udongo, na ni dakika kama 20 za kupumua kwa nguvu. Panda hatua fupi. Mvua ikiwa imenyesha mawe yanateleza, tumia mikono bila aibu. Mwenye watoto awaweke upande wa ndani.

Juu ni tambarare, na kuna nguzo ya zege ya wapima ramani, zilijengwa nchi nzima kuanzia 1936. Iguse, kaa nyuma yake upande usio na upepo. Mwezi wa tisa mwaka 1773 mwandishi Mskoti James Boswell alifika hapa na wenyeji wake wakacheza ngoma ya reel juu ya kilele, mwenzake, mwandishi Mwingereza Samuel Johnson, alikuwa na miaka 63 na akabaki chini. Na kweli panafaa kuchezea ngoma, ni uwanja.

Kusini magharibi ni milima ya Cuillin, meno meusi yamechongoka. Kaskazini magharibi ni mgongo wa Trotternish, na ile Storr ulioikwepa unaiona yote, mita 719, tena mi nasema inapendeza zaidi ukiiangalia ukiwa Raasay. Mashariki ng'ambo ya maji ni rasi ya Applecross, kaskazini kisiwa cha Rona. Angalia juu pia, tai wakubwa wanapita pale, tai wa dhahabu na tai wa baharini mwenye mkia mweupe. Niliona mmoja yuko chini yangu, anazunguka juu ya ziwa, nikawa namwona mgongo. Sikuwahi kumwona tai mgongo maishani.

Ukitazama pwani ya mashariki, huko chini kusini kuna sehemu inaitwa Hallaig, ni jina lilelile la boti. Kilikuwa kijiji. Miaka ya 1840 kisiwa kilinunuliwa na George Rainy, aliyepata utajiri wake Guyana kwenye biashara na mashamba ya watumwa, na miaka ya 1850 akawaondoa watu vijiji kwa vijiji ili aweke kondoo, wengi wakapandishwa meli kwenda Australia. Kuta za nyumba zao bado zipo kwenye nyasi. Mshairi mkubwa wa lugha ya Kigaeli, Sorley MacLean, alizaliwa Raasay 1911, na maumivu ya Hallaig yamo kwenye mashairi yake. Nakueleza hili ukiwa juu kwa sababu ukimya unaoufurahia pale haukuja wenyewe, kuna watu walitolewa.

Kushuka

Shuka ulikopandia, usitafute njia ya mkato hasa ya mashariki. Magoti yanaumia zaidi kushuka, nenda taratibu, na majeraha mengi hutokea muda huu mtu akiwa na haraka ya boti. Ndo maana nilisisitiza saa ya kugeuza.

Ikitokea mtu kaumia piga 999 au 112, omba polisi, alafu waambie unahitaji mountain rescue. Ni watu wa kujitolea na hawatozi pesa, kwahiyo usiogope kupiga kwa kufikiria bili. Mtandao ukiwa dhaifu unaweza kutuma ujumbe kwa 999, ila lazima uwe umejisajili kabla: tuma neno register kwenda 999 ukiwa nyumbani na ufuate majibu. Kama hamna mtandao kabisa puliza filimbi mara sita ndani ya dakika moja, pumzika dakika moja, rudia.

Kuhusu haki ya kupita, Uskoti ina sheria ya 2003 inayompa kila mtu haki ya kutembea karibu ardhi yote mradi ajiheshimu, sio lazima kibali wala kiingilio. Kujiheshimu ni kufunga geti ulilolikuta limefungwa, kumfunga mbwa kamba hasa mwezi wa tatu mpaka wa tano kondoo wanapozaa, na kurudi na takataka zako mpaka ganda la ndizi.

Usiku ule, kabla ya kulala, jikague kupe. Wanakaa kwenye nyasi ndefu na kwenye kangaga, na wengine ni wadogo kama mbegu ya ufuta, kwenye ngozi zetu nyeusi ni rahisi kuwapita, kwahiyo tumia taa kali na papasa kwa vidole: nyuma ya magoti, kwapani, kinenani, kiunoni, nyuma ya masikio. Ukimkuta mtoe kwa kile kitoleo karibu kabisa na ngozi, usimpake mafuta wala kumchoma moto. Andika tarehe. Wiki kadhaa mbele ukiona wekundu unaotanuka, au kwenye ngozi nyeusi inaweza kuwa kama baka la zambarau au kahawia, au homa na uchovu, nenda kwa daktari umwambie umeng'atwa na kupe Uskoti, ugonjwa wa Lyme unatibika vizuri ukiwahiwa.

Ukiweza kulala usiku mmoja, kesho yake nenda kaskazini mpaka magofu ya ngome ya Brochel. Barabara ya serikali ilikuwa inaishia hapo, na kijiji cha Arnish kilikuwa mbele bila barabara, watu wakaomba miaka mingi wakanyimwa. Mkazi mmoja, Calum MacLeod, akachukua sururu, koleo na toroli akaijenga mwenyewe, karibu kilomita 2.8, kwa kama miaka kumi kuanzia miaka ya 1960. Serikali ilipokuja kuiwekea lami, kule Arnish walikuwa wamebaki yeye na mkewe tu. Itembee kwa miguu, usipite na gari, inapanda na kushuka na kukata kona juu ya bahari na kila mita imeguswa na mkono wa mtu mmoja.